Watu wamefika, njia haijafika

Mstahiki Meya, waheshimiwa madiwani, watendaji wa kata, wenyeviti wa mitaa, wazee wangu, mama zangu, na ninyi vijana wa udalali mliokaa kule nyuma karibu na mlango: asalaam aleykum, Bwana Yesu asifiwe. Kwa wengine wote, itifaki imezingatiwa.

Madalali, nawaomba msogee mbele. Viti vipo. Leo ninyi ndio ninaowahitaji kuliko mtu mwingine yeyote ukumbini humu, na nitasema kwa nini.

Nimepima ardhi Dar es Salaam miaka 31. Nilianza na mnyororo na teodolaiti, ile darubini ya kupimia pembe, nikastaafu wakati vijana wangu wanatumia mashine zinazosoma setilaiti. Nimealikwa hapa Morogoro nieleze jinsi miji inavyotanuka ovyo, na ni miji ya aina gani inayoumia zaidi. Jibu nalitoa mapema, ili anayewahi msiba au hospitali aondoke nalo. Mji unaoumia kuliko yote ni ule ambao mtu anafika kabla ya njia. Anatangulia mtu, inafuata nyumba, kinafuata choo, wanafuata watoto, na baada ya miaka 20 ndipo wanakuja wenye ramani kuuliza barabara ipite wapi.

Twende kwanza Chanika. Ukitoka Posta, katikati ya jiji, unapita Gongo la Mboto, unapita Pugu, bado unakwenda; ni zaidi ya kilomita 30. Nilipoanza kazi kule kulikuwa na mikorosho na mihogo. Alikuwepo mzee mmoja mwenye ekari nne. Mwaka ambao kijana wake alifaulu kwenda sekondari, aliuza kipande cha kwanza, hatua 20 kwa 20, kando ya njia ya miguu iliyokuwa ikielekea kisimani. Mkewe alipougua, akauza cha pili. Harusi ya binti, cha tatu. Kila kipande kilikatwa kwa miguu: mjumbe anahesabu hatua, mnunuzi anachomeka mti kwenye kona, karatasi inaandikwa ofisi ya serikali ya mtaa, mashahidi wanatia sahihi, na ile asilimia kumi ya bei inatolewa kwa serikali ya mtaa. Mnaijua. Hakuna aliyemdhulumu mwenzake hapo. Mzee alihitaji fedha, mnunuzi alihitaji pa kulala, mjumbe aliandika alichokiona.

Sasa hesabuni nami. Ekari nne ni kama mita za mraba 16,000. Ukikata 20 kwa 20, hatua moja tuiite mita, unapata viwanja 40, na hakuna hata mita moja iliyobaki kwa ajili ya barabara. Ndivyo ilivyokuwa. Shamba liliisha, na lilipoisha likawa mtaa.

Nilipotumwa kwenda kupima kwa ajili ya urasimishaji, yaani kuyaingiza kwenye ramani makazi yaliyojengwa bila mpango, nilianza na ile njia ya kisimani. Pale inapoachana na barabara kubwa nilipata mita 4. Mbele kidogo, mita 3. Penye ukuta wa mnunuzi wa tisa nilipata mita 2 na sentimita 10, kwa sababu alipojenga alijisogeza kidogo, na jirani yake wa ng'ambo naye akajisogeza kidogo ili asionekane mjinga. Mwisho wa njia, kwa mama mmoja mjane anayekaanga maandazi, nilivuta futikamba ikasoma mita 1 na sentimita 20. Nikairudia. Ikasoma vilevile.

Nataka tukae na hiyo mita 1 na sentimita 20, maana mji mzima umo ndani yake.

Choo cha yule mama kimejaa. Gari la kunyonya majitaka haliwezi kufika, mpira wake umeishia nyumba ya tano. Anafanya nini? Anasubiri mvua kubwa ya usiku, kisha anatapisha. Wenzangu mliowahi kukaa Dar neno hilo mnalijua: unatoboa shimo la choo kwa pembeni, mvua inabeba. Inabeba kwenda wapi? Kwa jirani wa chini, kisha kwenye kisima kilekile ambacho njia ilikuwa inakielekea. Kipindupindu kilipolipuka Dar es Salaam Agosti 2015 na kusambaa mikoani, watu walihimizwa kunawa mikono, na ni kweli wanawe. Lakini mimi nilikuwa nawaza ule mpira ulioishia nyumba ya tano.

Maji ya bomba hayana njia ya kupita, kwa hiyo ananunua kwa dumu kutoka kwa mwenye simtanki, ambaye naye amenunua kwa boza. Kwa lita moja anawalipa watu wawili njiani, na bei yake inampita mara kadhaa anayefungua koki Upanga, kule katikati ya jiji. Huyu muuza maandazi! Mtoto akishikwa na ugonjwa usiku, anabebwa mgongoni mpaka barabarani ndipo itafutwe bajaji. Nyumba ikishika moto, zimamoto wanasimama mbali wakiona moshi. Mwaka jana mume wa jirani yake alifariki, jeneza halikupinda kwenye ile kona ya ukuta. Walilipitisha juu kwa juu, vijana wamepanda ukutani, na mkewe anatazama. Nilikuwepo. Nilikuwa nimekwenda kuzika, na mguu wangu ulikuwa juu ya nafasi niliyowahi kuiandika kwenye ramani kwa mkono wangu kama barabara ya baadaye.

Binti wa yule mama anauza duka Kariakoo. Anaamka saa kumi alfajiri. Ili apate kiti inabidi ageuze na gari: anapanda daladala linalokwenda mwisho wa kituo, analipa nauli, kisha linapogeuka analipa tena. Nauli mbili kwenda, na jioni anarudi amesimama. Saa nne au zaidi za siku yake zinaishia njiani. Huyu ni msichana wa miaka 22.

Sasa niwape picha ya jiji zima. Mwaka 1967 sensa iliwakuta watu kama 273,000 Dar es Salaam. Mwaka 2022 iliwakuta 5,383,728. Ni karibu mara 20 ndani ya miaka 55. Mipango ilikuwepo: uko wa 1949, uko wa 1968, uko wa 1979. Baada ya ule wa 1979 ilipita zaidi ya miaka 30 kabla ya mpango mkuu mwingine kukamilika, na katika miaka hiyo jiji halikusimama kusubiri. Lilitambaa kwa kufuata barabara nne, ya Bagamoyo, ya Morogoro, ya Pugu na ya Kilwa, kama vidole vya mkono uliofunguliwa. Watu walikaa kwanza kando ya vidole, palipojaa wakashuka katikati ya vidole, kwenye mabonde. Msimbazi, Kizinga, Mzinga: mito yote ikapata wapangaji. Ndiyo maana leo zaidi ya nusu ya jiji, na wengi husema saba kati ya kumi, wanaishi kwenye makazi yasiyopangwa. Mstari wa jiji umevuka mipaka ya mkoa. Kibaha, Vikindu na Kisarawe ziko Mkoa wa Pwani, lakini asubuhi zinaamkia Dar.

Nasikia mtu ananong'ona kwamba hata Marekani miji imetanuka. Ni kweli, na imetanuka kuliko sisi. Karibu na mwaka 1990 Atlanta ilikuwa na watu milioni 2.5 na Barcelona milioni 2.8, lakini Barcelona ilikaa kwenye kilomita za mraba 162 na Atlanta kwenye zaidi ya 4,000. Atlanta inaumia: mtu bila gari hawezi kununua hata mkate, na petroli inakula mshahara. Lakini angalieni kilichotangulia. Barabara ilichongwa, bomba likazikwa, nguzo ikasimama, ndipo nyumba ikauzwa. Wanalipia umbali. Sisi tunalipia umbali, na juu yake tunalipia kila kitu ambacho umbali umekikuta hakipo.

Iko aina nyingine ya mji unaoumia sana ambayo huku kwetu hatujaiona bado: mji uliotanuka kisha ukakimbiwa. Detroit ilikuwa na watu milioni 1.85 mwaka 1950. Sensa ya 2020 iliwakuta 639,111. Mabomba ni yaleyale, mitaa ni ileile, walipaji ni theluthi. Nawahurumia, lakini huo si ugonjwa wetu leo.

Kwa ugonjwa wetu tunafanana na jirani zetu. Kampala imefurika kuingia Wilaya ya Wakiso mpaka Wakiso ikawa na watu wengi kuliko Kampala yenyewe. Nairobi imekwenda Ruiru, Kitengela na Rongai, na mibuni ya Kiambu imepisha maghorofa. Sheria za ardhi zinatofautiana, wenye ardhi wanatofautiana, lakini kinachoonekana ukisimama pale ni kilekile.

Kwa nini watu wanakimbilia mbali? Nimechoka kusikia kwamba wananchi hawaelewi au wanapenda kuvamia. Wananchi wanapiga hesabu vizuri kabisa. Mwenye nyumba mjini anadai kodi ya miezi sita, pengine mwaka mzima, kwa mkupuo. Fundi au mwalimu atazitoa wapi? Akizipata mara moja, mara mbili, anajiuliza: fedha hizi si ningenunua kiwanja? Anakwenda kununua kule zinakotosha. Anahamia nyumba haina madirisha, kaziba kwa maturubai, lakini hakuna wa kumgongea mlango mwisho wa mwezi. Mimi mwenyewe nilihamia hivyo, na usiku wa kwanza nililala usingizi ambao sijawahi kuupata katika nyumba ya kupanga.

Wako pia wenye uwezo, na hawa tuwaseme. Mtu ana kiwanja Goba, kingine Bunju, kingine Kigamboni, vyote nyasi. Kwake ardhi ni benki. Kiwanja ambacho hakijapimwa hakimdai kodi ya ardhi, kwa hiyo kukaa nacho miaka 15 hakumgharimu kitu. Anayelipa ni mamlaka ya maji. Kilomita moja ya bomba, viwanja vya mita 20 upande huu na upande huu, inapaswa kuhudumia nyumba 100. Kama vitatu kati ya vinne ni nyasi, bomba lilelile linahudumia nyumba 25, na bili za watu 25 hazirudishi gharama ya kulizika. Kwa hiyo haliji. Yule mama wa maandazi anakosa maji kwa sababu ya nyasi za mtu ambaye hajawahi kumwona.

Na serikali nayo, naisema kwa heshima kwa kuwa nilikuwa mtumishi wake, imechangia. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu Dar es Salaam na kubomoa nyumba bonde la Msimbazi. Waathirika wakapewa viwanja Mabwepande, mbali kabisa kaskazini. Nia ilikuwa njema, bonde lile ni la kifo. Lakini mtu aliyekuwa anaishi kwa kubeba mizigo Kariakoo, ukimpeleka Mabwepande umempa kiwanja na kumnyang'anya kazi. Wapo waliouza wakarudi bondeni, na mvua nyingine ikawakuta palepale. Ukaja pia mradi wa viwanja 20,000 kuanzia 2002: Kibada, Toangoma, Mbweni, Bunju. Barabara zilichongwa kwanza, na kwa hilo nawavulia kofia wenzangu waliousimamia. Tatizo ni kwamba viwanja vingi vilikuwa vikubwa, vikaishia kwa wenye fedha, na vingine vilikaa nyasi miaka mingi. Njia ilifika, watu hawakufika. Nalo ni kosa.

Kuna mahali palipofanyika sawasawa, na hapahitaji pasipoti kwenda kupaona. Nendeni Sinza. Miaka ya 1970 serikali kwa mkopo wa Benki ya Dunia ilipima viwanja vidogo Sinza na Kijitonyama, ikachonga njia, ikapitisha maji, kisha ikawaambia wananchi: jengeni wenyewe, kidogo kidogo. Haikuwajengea nyumba. Ilitangulia tu na njia. Leo Sinza ina maghorofa, ina maduka, ina kelele nyingi, na wapo wanaoilalamikia kwa hizo kelele. Lakini gari la kunyonya majitaka linafika majumbani. Mpango huohuo ulifika miji saba ya Tanzania, na Morogoro yenu ilikuwa mmojawapo. Watafiti waliorudi miongo kadhaa baadaye walikuta maeneo yaliyopimwa kabla ya watu kuingia yana majengo bora kuliko yale yaliyoboreshwa watu wakiwa tayari wamejaa ndani. Tofauti ya miaka michache tu, nani alitangulia, imedumu kwa miaka 40.

Hata ng'ambo wapo waliotanguliza njia. Mwaka 1811 New York ilikuwa na watu wasiozidi 100,000. Wakakaa chini wakachora mitaa mpaka wa 155, huko juu kulikuwa na mashamba na mawe. Waliochora hawakuishi kuiona ikijengwa yote.

Waheshimiwa, sasa tuje kwenu. Sensa ya 2022 iliwahesabu watu 471,409 katika manispaa hii. Ninyi mko pale Dar ilipokuwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Tangu 2024 treni ya umeme inamtoa mtu Dar na kumfikisha hapa chini ya saa mbili, muda ambao haumtoshi binti wa Chanika kufika Kariakoo siku ya foleni. Mnadhani watu wa Dar hawajapiga hiyo hesabu? Wameshapiga. Wanakuja Kihonda, Mkundi, Lukobe, na wanakuja na fedha mkononi. Mgongoni mna Uluguru, ambako mtu akijenga mtelemkoni udongo unashuka na mvua. Upande wa pili mna bwawa la Mindu, ambalo ndilo mnalokunywa. Katikati ndiko kwa kujengea, na huko bado kuna mashamba ambayo hayajakatwa hata kipande kimoja. Nilipopita jana, nilisimamisha gari mara tatu kuyatazama. Nilisikia furaha na hofu kwa pamoja.

Sijaja kuwaambia mzuie mji kutanuka. Mji unaoongezeka watu lazima utanuke. Ukiuzuia kwa amri watu watajenga usiku. Wala sina imani na bomoabomoa. Nimepiga alama ya X nyekundu kwenye nyumba za watu, ni kazi niliyotumwa, na sitaki kijana yeyote wa Morogoro aje kuifanya. Ninachoomba ni jambo dogo kuliko hayo: kabla kipande cha kwanza cha shamba hakijauzwa, njia iwekwe. Nyumba ngapi, za nani, za tofali gani, hayo yaacheni.

Hapa ndipo ninapowahitaji madalali. Mwenye shamba la ekari nne ataniuliza, kwa nini nitoe robo ya ardhi yangu bure? Badala ya viwanja 40 atabaki na 30. Ninyi mjibuni, kwa kuwa mnajua soko kuliko mimi. Kwenye matangazo yenu mnaandika nini mwanzoni? "Gari linafika mpaka saiti." Hamwandiki hivyo bila sababu. Kiwanja ambacho gari linafika kikizidi bei kwa theluthi moja tu, viwanja 30 vinamrudishia mzee fedha zilezile za viwanja 40. Kikizidi zaidi ya hapo, amepata faida. Semeni ukweli: huwa kinazidi kwa theluthi tu? Naona mnatabasamu. Basi hiyo hesabu mpelekeeni yeye kabla mnunuzi wa kwanza hajafika, kwa sababu akishafika mnunuzi wa kwanza, njia inakuwa na wenyewe wawili, na akifika wa tisa inakuwa mita 2 na sentimita 10.

Wenyeviti wa mitaa, mhuri uko kwenu. Karatasi ya mauziano isigongwe kama haionyeshi njia ya kufika kwenye kile kipande, upana wake kwa mita, na sahihi ya jirani wa kila upande kwamba ameiona. Wala hatuhitaji kusubiri sheria mpya. Ni mistari mitatu ya kuongeza kwenye karatasi mnayoiandika kila wiki. Na waheshimiwa madiwani, hizo njia zikishawekwa, mtumeni ofisa mipango miji aziingize kwenye ramani mwezi huohuo, maana njia ambayo haiko kwenye ramani hulimwa mchicha ndani ya msimu mmoja.

Mita 12 kwa njia za kawaida. Mita 20 kila baada ya nusu kilomita, ambapo siku moja litapita basi. Nimeyaweka kwenye karatasi, zinagawiwa mlangoni.

Nimekuja na kamba ya mita 100, nyundo mbili na vigingi 60. Kuna mzee wa Mkundi ana ekari sita na hajauza hata hatua moja. Tumezungumza naye jana jioni mpaka usiku, yeye na wanawe, wamekubali tuanzie kwake. Yuko hapa. Mzee wangu, naomba usimame wakuone. Basi liko nje, tunaondoka baada ya chai. Tukimaliza kabla ya magharibi, jirani yake wa upande wa mto amesema tupite na kwake.